Anayenunua Anajua

Mwizi mkuu wa mipungate ya Atacama hajawahi kufika Atacama. Yuko sebuleni kwake, Ulaya au Asia Mashariki, simu mkononi, anapitisha picha moja baada ya nyingine mpaka aione anayoitaka. Anauliza bei, analipa, anasubiri kifurushi. Aliyepanda kilima cha mawe kaskazini mwa Chile akaung'oa mmea ule kwa sururu ni kibarua wake tu, hata kama hawajuani na hawatajuana maishani. Nayasema haya mwanzoni kabisa ili tusipotezeane muda. Makala haya yanamlenga mnunuzi, pamoja na kila anayemkingia kifua kwa kumwita mpenzi wa mimea.

Oktoba 2024 Shirika la Kimataifa la Kuhifadhi Maumbile, IUCN, lilitoa tathmini mpya ya Copiapoa. Hii ni jenasi ya mipungate, au kaktasi kama wengi wanavyoiita siku hizi, isiyoota porini popote duniani isipokuwa katika jangwa la pwani la Chile. Mwaka 2013 asilimia 55 ya spishi zake zilihesabiwa kuwa hatarini kutoweka. Mwaka 2024 zikawa asilimia 82. Miaka 11 ni muda wa mtoto kuingia darasa la kwanza na kumaliza kidato cha nne. Katika muda huo mfupi, mimea iliyovumilia ukame kwa karne na karne imesukumwa hadi ukingoni, na wataalamu walitamka waziwazi kwamba moja ya sababu ni biashara haramu inayostawi kupitia mitandao ya kijamii.

Msomaji anastahili kuujua mmea wenyewe kabla hatujaendelea. Hasira isiyojua inachokitetea huisha jioni ileile.

Copiapoa cinerea huota kwenye miteremko ya mawe karibu na mji wa Taltal, katika nchi ambayo mvua inaweza kupita mwaka mzima bila kunyesha. Rodolfo Philippi, mwanasayansi wa Kijerumani aliyehamia Chile, aliueleza mmea huu kitaalamu mwaka 1860. Mwili wake una rangi ya majivu, na miiba yake ni myeusi. Majivu yale ni utando wa nta uliotanda juu ya ngozi: unarudisha ukali wa jua na kuyazuia maji ya ndani yasipotee. Ukiukwangua kwa ukucha, kijani kinatokea chini yake. Juu kileleni kuna sufi nzito, na maua ya manjano huchomoza katikati ya sufi hiyo.

Maji yake hutoka baharini. Mkondo baridi wa Humboldt hupita kando ya pwani ile, hewa inapoa, na ukungu mzito ambao wenyeji huuita camanchaca hupanda kutoka Pasifiki na kuvilalia vilima. Mipungate huishi kwa unyevu huo. Kwa riziki ndogo namna hiyo, ukuaji wake ni wa taratibu mno; sentimita moja inaweza kumaliza mwaka na zaidi. Kichaka chenye vichwa vingi, cha upana wa meza ya kulia, kinaweza kuwa kimepita umri wa binadamu yeyote aliye hai.

Kuna jambo jingine linalonishika kila ninapolifikiria. Katika Hifadhi ya Taifa ya Pan de Azúcar, iliyoanzishwa mwaka 1985, kuna tambarare zilizojaa Copiapoa columna-alba, mimea inayosimama kama nguzo fupi nyeupe, na karibu yote imeinamia kaskazini. Huko mbali kusini mwa ikweta, jua la mchana hukaa upande wa kaskazini. Watafiti waliopima mwinamo huo katika miaka ya 1970 walieleza faida yake: mmea unapoinama hivyo, kilele chenye machipukizi na maua hupata joto la kutosha hata majira ya baridi, huku mbavu zake zikiepushwa na jua kali la kuzichoma. Kila mmea pale umejipanga kulingana na mahali uliposimama, kwa miaka mingi, bila kusogea. Mahali pake ni sehemu ya umbo lake. Ukiung'oa na kuuweka dirishani Milano au Osaka, umeondoka na kiwiliwili.

Sasa twende kwenye hoja yenyewe. Kila mara mkusanyaji anapoulizwa, jibu la kwanza ni kwamba hakujua. Muuzaji alimwambia mmea umeoteshwa kitaluni. Cheti kilikuwepo. Angejuaje, naye si mtaalamu?

Angejua kwa macho. Wakati tathmini ile ya 2024 inatolewa, mtaalamu wa mimea Pablo Guerrero, Mchile aliyeitafiti jenasi hii kwa miaka mingi, alieleza kwamba kuutambua mmea ulioibwa porini si kazi ngumu. Copiapoa ya porini ina rangi ya kijivu na ule utando wa vumbivumbi unaoilinda jangwani. Iliyooteshwa katika kitalu nyumba, inayomwagiliwa na kulishwa mbolea, huwa ya kijani zaidi. Ongeza hapo makovu ya miaka, ngozi iliyokauka na kukakamaa sehemu ya chini, mwili uliopinda kufuata jiwe uliloliegemea, miiba iliyovunjika upande mmoja. Mmea wa kitalu ni mchanga, una mzingo sawia, hauna historia mwilini. Mtu anayetumia pesa nyingi kwa mpungate mmoja, anayezijua spishi kwa majina ya Kilatini, anayeweza kukutajia korongo ambako kila aina hupatikana, huyo hawezi kuniambia kwamba tofauti hiyo haioni.

Tena si kwamba anaiona na kuipuuza. Anaitafuta! Makovu yale ndiyo yanayopandisha bei. Ukijani wa kitaluni unaitwa wa kawaida, na ukijivu wa jangwani unalipiwa fedha ambazo familia nyingi hazizipati kwa mwezi. Kinachouzwa ni uzee wa mmea, ule uzee usioweza kutengenezwa na mkulima yeyote kwa kuwa hakuna mkulima anayesubiri miaka 80 ndipo avune. Mnunuzi anajua kwamba umri huo haukupatikana kitaluni. Anajua kwa sababu hicho ndicho alichokilipia.

Ushahidi wa ukubwa wa biashara hii uko wazi. Februari 2020, katika mji wa Senigallia kwenye pwani ya Adria nchini Italia, askari wa misitu wa Carabinieri waliingia katika nyumba ya mkusanyaji mmoja na kukuta zaidi ya mimea 1,000 ya mipungate, sehemu kubwa ikiwa Copiapoa kutoka Chile. Thamani yake katika soko la magendo ilikadiriwa kupita dola milioni moja. Walimwita Andrea Cattabriga, mtaalamu wa mipungate na kiongozi wa chama cha Kiitalia cha kuhifadhi bioanuwai, awasaidie kuitambua. Mimea mingine ilikuwa bado na udongo wa kwao. Baadhi ya ile iliyokamatwa ilikadiriwa kuwa na umri wa zaidi ya miaka mia moja. Operesheni hiyo iliitwa Atacama, na ni mojawapo ya ukamataji mkubwa kabisa wa mipungate kuwahi kufanyika.

Mwaka uliofuata, 2021, zaidi ya mimea 800 ilipandishwa ndege na kurudishwa Chile. Hilo lilikuwa jambo jema na la nadra, na nawapongeza Waitalia na Wachile waliolifanikisha. Lakini msifikiri kwamba kila mmea ulirudi kilimani kwake na mambo yakaisha. Mingine ilikwisha kufa kabla ya safari. Iliyofika ilipelekwa karantini, maana mmea uliokaa nchi ya kigeni huweza kubeba ukungu na wadudu wasiokuwepo jangwani. Halafu kuna swali ambalo mwizi amelifanya lisijibike: mmea huu ulitoka kilima kipi? Copiapoa za korongo moja zinaweza kutofautiana na za korongo la jirani. Ukizipanda ovyo, unachanganya damu ambazo jangwa lilizitenga kwa maelfu ya miaka. Bila kujua ulikong'olewa, mmea unabaki kwenye kopo ndani ya nchi yake yenyewe.

Mkusanyaji yule, kwa taarifa zilizochapishwa wakati ule, alikuwa amewahi kunaswa na shehena ya mipungate ya Chile miaka kadhaa kabla, na kesi ikafa kwa kupitwa na muda. Nataka tulitafakari hilo. Mtu anakamatwa na mimea iliyoibwa katika nchi nyingine, makaratasi yanazunguka mezani, siku zinapita, sheria inasema muda umekwisha, na anarudi kwenye shughuli zake. Kama ingekuwa vipusa vya faru, nani angekubali?

Hapo ndipo penye kidonda. Dunia inawahurumia wenye macho. Mnyama anapolia tunasikia. Mmea ukikatwa mzizi haupigi kelele. Mkataba wa CITES, unaosimamia biashara ya kimataifa ya wanyama na mimea ya porini iliyo hatarini, uliotiwa saini Washington mwaka 1973 na kuanza kutumika 1975, unaihusu karibu familia nzima ya mipungate, na spishi chache zilizo katika hali mbaya zaidi zimewekwa kwenye Kiambatisho cha Kwanza kinachokataza biashara ya mimea ya porini. Copiapoa iko katika Kiambatisho cha Pili: biashara inaruhusiwa kwa kibali, na iliyooteshwa kitaluni hupita kwa masharti mepesi zaidi. Penye wepesi ndipo walanguzi wanapopenya. Andika kitaluni juu ya boksi, na mmea wa miaka mia unasafiri kwa posta ukiwa umefungwa gazetini. Afisa wa forodha amefundishwa kunusa dawa za kulevya na kutambua meno ya tembo. Nani amemfundisha kutazama rangi ya ngozi ya mpungate?

Mwaka 2015 jarida la Nature Plants lilichapisha tathmini ya kwanza ya mipungate yote duniani, spishi karibu 1,500. Asilimia 31 zilikuwa hatarini kutoweka, kiwango kinachowapita mamalia na ndege. Na katika spishi hizo zilizo hatarini ambazo hutumiwa kwa mapambo ya bustani, asilimia 86 zilikuwa zinachukuliwa porini. Narudia: porini. Takwimu hizo zina umri wa miaka kumi na ushei sasa, serikali zinazo, makampuni ya mitandao ya kijamii yanazo, vyama vya wapenzi wa kaktasi vinazo. Orodha Nyekundu ya IUCN, zinakowekwa tathmini hizi, si sheria. Haimfungi mtu na haizuii kifurushi. Ilitoa onyo mapema, na waliopaswa kutenda wakasubiri mpaka asilimia 55 ikawa 82.

Msomaji wa Laikipia huenda ananishangaa. Kwake yeye mpungate ni balaa. Opuntia iliyoletwa na watu kwa ajili ya ua na mapambo imemeza malisho, miiba yake midogo inatoboa midomo ya mbuzi na ng'ombe, na wafugaji wanatamani ing'olewe yote usiku mmoja. Namwelewa kabisa, na hoja yangu ni hiyohiyo. Mmea uliohamishwa kwa starehe ya mtu umeharibu nchi ulikopelekwa; huu mwingine uliohamishwa kwa starehe ya mtu umeacha shimo nchi ulikotolewa. Afrika ina mpungate mmoja tu wa asili, Rhipsalis baccifera, usio hata na sura ya mpungate, unaoning'inia kwenye matawi ya miti ya misitu yetu yenye unyevunyevu. Hiyo mingine yote ni ya mabara ya Amerika, na huko ndiko inakostahili kuishi.

Sisi wa Afrika Mashariki tuna haki ya kusema katika jambo hili, na sababu yake ni tembo. Tanzania ilikuwa na tembo zaidi ya 100,000 mwaka 2009. Sensa ya 2014 ikawakuta takriban 43,000. Tulizika askari wa wanyamapori. Tuliwafunga vijana wa vijijini walioshika bunduki kwa ujira mdogo. Na miaka yote hiyo tulikuwa tunajua, na tulikuwa tumekwisha kuiambia dunia, kwamba risasi inaanzia dukani. Julai 1989 Rais Moi wa Kenya aliwasha moto tani 12 za pembe za ndovu katika Hifadhi ya Taifa ya Nairobi ili mnunuzi aliye mbali aone kwa macho yake kwamba mali ile haina soko. Mwaka huohuo Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizopeleka pendekezo CITES la kumhamishia tembo wa Afrika kwenye Kiambatisho cha Kwanza, na likapita. Hata hivyo mauaji yalirudi, kwa kuwa wateja walibaki. Ilipofika mwisho wa 2017 China ikalifunga soko lake la ndani la pembe, ndipo walanguzi walipopoteza mteja wao mkubwa aliyekuwa akinunua mchana kweupe.

Hatukumwita mnunuzi wa pembe mpenzi wa tembo. Hakuna aliyethubutu kusema kwamba mwenye bangili ya pembe anahifadhi kizazi cha tembo kwenye mkono wake. Lakini ndivyo hasa wanavyosema wakusanyaji wa mipungate! Wanadai jangwa linakauka, migodi inachimbwa, barabara zinapasua vilima, kwa hiyo bora mmea ukae salama kwangu kuliko kufia kule. Hoja hii nimeikuta ikitolewa na watu wasomi, kwa sauti ya upole, kana kwamba ni ya huruma. Naichukia kuliko hoja zao zote, maana imechukua ukweli na kuugeuza kibali cha wizi.

Ukweli upo. Kule El Cobre, kusini mwa Antofagasta, kuna vichaka vikubwa vya Copiapoa solaris vilivyokufa vikiwa vimesimama, na waliovichunguza wamekuwa wakihusisha vifo hivyo na kupungua kwa ukungu. Chile ndiyo inayoongoza duniani kwa kuzalisha shaba, na sehemu kubwa ya shaba hiyo iko kaskazini, katika nchi hiyohiyo ya mipungate. Mabadiliko ya tabianchi hayana mjadala. Barabara mpya na ujenzi wa makazi vinakula maeneo ya mimea na wakati huohuo vinamfungulia njia mwenye sururu. Yote haya ni kweli.

Basi mmea ulio katika hali hiyo unahitaji nini? Unahitaji mimea mikubwa ibaki, ichanue, ichavushwe, imwage mbegu, ili mwaka mmoja kati ya miaka mingi unyevu unapotosha, miche michache ishike kwenye ufa wa jiwe. Mmea mkongwe ndio unaotoa mbegu nyingi. Na ule mkongwe ndio mkusanyaji anaoutaka. Akiung'oa ameondoa mbegu za miongo yote iliyobaki ya uhai wake. Kwenye kopo lake Ulaya hauna wa kuuchavusha kutoka kilima chake, na ukichavushwa na spishi ya kopo la jirani, kinachozaliwa ni chotara kisichoweza kurudishwa jangwani. Kwa hesabu ya jangwa, mmea ule umekufa siku ulipong'olewa. Mtu aliyetaka kuokoa angekusanya mbegu kidogo kwa kibali, pamoja na kumbukumbu kamili ya mahali zilipotoka, akazikabidhi kwa hifadhi za mbegu na bustani za mimea. Kazi hiyo ipo, inafanywa, na haihitaji shimo hata moja ardhini.

Wengine hukimbilia kwa maskini. Wananiuliza, je, mkazi wa Taltal asiye na ajira hana haki ya kuuza kilicho kwao? Swali zuri, lakini wanaoliuliza si wakazi wa Taltal. Tujibu hata hivyo. Anayeng'oa analipwa makombo, na mmea alioung'oa hautarudi kuota mahali pale katika maisha ya watoto wake. Kama wakusanyaji wanaguswa na umaskini wake, basi wasimamie vitalu vya Copiapoa vimilikiwe na watu wa Taltal, Paposo na Copiapó, mbegu zioteshwe huko, mimea iuzwe ikiwa na cheti cha kweli, na fedha ibaki huko. Biashara halali ya mipungate iliyooteshwa ni kubwa duniani. Kwa nini nchi mama ya Copiapoa ipate mashimo tu, na faida ibaki kwa mabwana wa vitalu vya mbali?

Nauliza kwa uchungu kwa kuwa mchezo huu tumeuona. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, afisa wa utawala wa Kijerumani huko Tanga, alikuta ua dogo la zambarau katika misitu ya Usambara, akalipeleka kwa baba yake Ujerumani. Mwaka uliofuata likapewa jina la familia yao, Saintpaulia. Leo ua hilo liko kwenye madirisha ya nyumba duniani kote, limezalishwa kwa aina maelfu, na biashara yake imeneemesha vitalu vya Ulaya na Marekani kwa zaidi ya karne. Muulize mkulima wa Lushoto au Muheza amepata nini. Kule porini, spishi kadhaa za ua hilo zimebaki kwenye vipande vidogo vya msitu, zikizungukwa na mashamba. Hata hivyo katika dhuluma hiyo kuna funzo moja linalowavua nguo wakusanyaji wa leo: mamilioni ya maua hayo yalioteshwa vitaluni. Nyumba zote hizo zilipata uzuri bila mtu kurudi Usambara na sururu kila mwaka. Kupenda mmea na kuuiba porini ni mambo mawili, na dunia ilikwisha kuthibitisha kwamba la kwanza linawezekana bila la pili.

Wizi huu haukukomea Chile. Afrika Kusini tangu 2019 inavamiwa na majangili wa Conophytum, vimmea vidogo vinavyofanana na kokoto, vinavyoota katika nchi kame ya Namaqualand na Richtersveld. Zaidi ya mimea milioni moja ya jangwa imekamatwa huko, na hiyo ni iliyokamatwa tu. Wanunuzi ni walewale, mitandao ni ileile, lugha ya upendo ni ileile. Nani anatuhakikishia kwamba kesho hawatageukia mishubiri na minyaa adimu ya Kenya, Tanzania na Somalia, mingine ikiwa inajulikana kwenye kilima kimoja au viwili tu? Picha ikishawekwa mtandaoni pamoja na jina la kilima, msafara wa kwanza haukawii. Watafiti wetu na wapiga picha wetu wa porini waache leo hii kutaja mahali hasa mimea adimu inapoota.

Kwa makampuni ya mitandao ya kijamii sina lugha laini. Yana mitambo inayotambua uso wa mtu katika picha ya harusi. Yana uwezo wa kufuta wimbo wenye hakimiliki sekunde chache baada ya kupandishwa. Basi yanaweza pia kutambua tangazo la Copiapoa ya kijivu yenye mizizi iliyokatwa, iliyolazwa juu ya gazeti kando ya rula. Hayafanyi kwa sababu hakuna anayeyalazimisha. Serikali za Ulaya, Japani, Korea Kusini, China na Marekani ndizo zenye mamlaka ya kuyalazimisha, na ndiko waliko wanunuzi.

Vyama vya wapenzi wa kaktasi navyo viseme viko upande gani. Vifute tuzo kwa mmea wowote usio na kumbukumbu ya mbegu. Viache kushangilia mkongwe wa kijivu uliotokeza ghafla kwenye meza ya mwanachama aliyejiunga juzi. Mahakama ziache kuhesabu kesi hizi kama makosa ya makaratasi. Kung'oa kiumbe cha miaka mia na kukisafirisha kwa magendo ni wizi wa mali ya nchi nyingine, na wapo mawakili wa kutosha wa kulieleza hilo mbele ya hakimu kabla muda wa kesi haujaisha.

Na wewe unayependa mimea, uwe Hamburg, Tokyo, Nairobi au Dar es Salaam, usiogope kununua kaktasi ya kopo kutoka kwa mama wa kitalu cha barabarani. Hiyo imeoteshwa, haina lawama, na ina kijani chake cha ujana. Ukikutana na Copiapoa, muulize muuzaji mbegu zilisiwa mwaka gani, na nani, na akuonyeshe mimea mingine ya mkupuo huohuo. Akibabaika, usiishie kuondoka tu. Hifadhi picha ya tangazo lake, namba ya akaunti yake na tarehe, kisha uzipeleke kwa polisi wa mazingira au ofisi ya CITES ya nchi uliyopo, kabla hajalifuta.